Saa Mbili za Kombe

Foleni ya magari kwenye kivuko cha Kilifi, kabla daraja halijajengwa, ilifika juu kilimani siku ile Kombe, mpishi wa hoteli moja ya Malindi, aliposimama kununua korosho, feri ikamwacha.

"Kaka, feri yako hiyo yaenda," alisema Sidi, muuza korosho, akikaza leso yake ya manjano.

"Iende. Imenifanyia hisani."

Sidi akamkasirikia papo hapo, akampenda papo hapo.

Baadaye hoteli ilimpeleka Kombe Frankfurt, Ujerumani, miezi sita ajifunze kuoka mikate. Babake Sidi alikwisha sema: kijana asipoleta kibuyu cha tembo la mnazi la posa mwaka huu, asahauliwe. Hatimaye simu ikalia dukani kwa mama Jedida, karibu na kivuko.

"Roho yangu, kesho narudi! Ndege yaondoka huku saa tatu asubuhi, yatua Mombasa saa moja jioni. Keshokutwa niko kwako."

Sidi alitabasamu, kisha akakunja uso. Nahashon, karani wa tikiti hapo kivukoni, alikuwa amemwambia kwamba huko ni kilomita elfu sita na zaidi, lakini ndege haitui popote njiani. Ni mwendo wa saa nane tu. Sidi akapanga korosho kwenye kaunta, moja kwa kila saa, tangu tatu ya asubuhi mpaka moja ya jioni. Zikawa kumi.

"Kombe, saa mbili waziacha wapi?"

"Saa mbili gani?"

"Ndege ni saa nane, wewe watumia kumi. Wampitia nani?"

Kombe akaangua kicheko.

"Mchekee huyohuyo!" Sidi akakata simu.

"Wewe Sidi," mama Jedida akauliza, "huko mawinguni kuna steji?"

"Muulize yeye!"

Keshokutwa yake Kombe alishuka kwenye feri na koti zito la sufu, jasho likimtiririka.

"Korosho zimekwisha," alisema Sidi. Sinia ilikuwa imejaa.

"Nisikilize, mpenzi. Kwao jua huchelewa. Hapa ikiwa saa tano, kule ndiyo kwanza saa tatu. Nilipanda kwa saa yao, nikashuka kwa yetu."

"Hadithi hiyo umeitunga ndani ya ndege?"

Kombe akapandisha mikono ya koti. Alikuwa amevaa saa mbili, kila mkono na yake. "Hii ya kushoto nilitoka nayo hapa. Siku ya kwanza ilinifikisha kazini mapema mno, nikangoja mlangoni, theluji yaniangukia. Ndipo nikanunua hii ya kulia."

"Si ungeigeuza ile ya kwanza!"

"Ningejuaje wewe umeamka, au umefunga biashara?"

Sidi akautazama mkono wa kushoto, akaitazama saa ya ukutani dukani. Zililingana.

"Miezi sita!" akafoka, macho yamemlowa. "Barua zote zile, na hukuniambia!"

"Nimpelekee lini baba tembo lake?"

"Jumapili, saa nne."

Kisha akamvua saa ya mkono wa kulia, akaifunga kwenye pindo la leso. "Na hii yabaki kwangu. Baba hangojei mtu kwa saa ya Wajerumani."