Chandarua cha Sandukuni

Mwaka jana, mpunga ulipoanza kukomaa, Nkwabi aliihamishia familia yake shambani, kwenye bonde la Momba. Ndege hawana likizo. Ukilala nyumbani, utavuna mabua.

Mkewe Conjesta alipakia mikeka, sufuria na kuku wawili kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Vyandarua vyao viwili vipya vilibaki nyumbani ndani ya sanduku la bati.

"Shambani kuna tope na moshi," alisema Nkwabi. "Vitachafuka. Tuvitunze."

Kwa kutunza vitu, Nkwabi hana mpinzani. Viatu vyake vya harusi bado ni vipya, na ana watoto watatu.

Binti yao Tabita, wa miaka saba, alikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Kila alfajiri alipanda kichuguu, akapiga kelele: "Haya! Haya! Tokeni!" Ndege waliruka.

Wiki ya pili, asubuhi moja, ndege walikula wakashiba. Tabita alikuwa mkekani, anatetemeka, mwili unachoma.

"Ni jua la jana," alisema Nkwabi. "Kesho ataamka."

"Baba Tabita, jua gani linamtetemesha mtoto hivi?"

Conjesta aliogopa sana. Alimbeba mtoto mgongoni, akakimbilia shamba la jirani, kwa Fausta, mhudumu wa afya wa kijiji.

Fausta alimgusa Tabita shingoni. "Twende zahanati sasa hivi. Homa ya mtoto haisubiri kesho."

Muuguzi alimtoboa Tabita kidole, akapima damu. Ilikuwa malaria. Alimpa dawa mseto ya siku tatu.

"Umewahi, mama," alisema. Conjesta alilia palepale kwenye benchi.

Waliporudi, Fausta aliingia kwenye kibanda chao, akatazama juu na chini.

"Shemeji Nkwabi, vyandarua viko wapi?"

"Nyumbani, sandukuni. Huku hatuna kitanda."

"Kwa hiyo vinalilinda sanduku lisiumwe na mbu?"

Nkwabi alicheka, kisha akainamisha uso. "Nimekosa, shemeji."

"Mbu wa malaria huuma usiku, popote mtu alipolala. Kitanda si lazima. Simika fito nne, funga chandarua, pindo zake zichomeke chini ya mkeka."

Nkwabi alipanda baiskeli, akavifuata siku hiyohiyo.

Siku ya tatu Tabita aliomba ugali. Nkwabi alitazama vidonge vilivyobaki. "Si amepona? Hivi tuvitunze."

"Thubutu!" alisema Conjesta. "Kutunza kwako kumetosha. Anamaliza vyote."

Tabita alivimaliza. Wiki iliyofuata, Fausta akiwa shambani kwake, alisikia: "Haya! Haya! Tokeni!" Aliacha kazi, akasikiliza huku anatabasamu. Hadi mavuno, hakuna mtu mwingine aliyeugua kibandani mwa Nkwabi.

Mwaka huu Nkwabi mwenyewe ndiye aliyepakia mkokoteni. Alianza na vyandarua. Walipofika shambani, waligundua kwamba amesahau sufuria.

Conjesta hakugomba. "Sufuria tutaazima kwa dada Fausta," alisema, akaanza kusimika fito. Tabita alikuwa ameshafika kwenye kichuguu.