Mboni Hakunyamaza

"Mboni, umekaa au umesimama?"

Sauti ya Bi Candida, afisa utumishi wa ofisi yao kule Posta, ilikuwa ya chini kwenye simu. Mboni, aliyekuwa likizo juma hilo, alikuwa ndani ya duka la vitambaa la Natvarlal, Mtaa wa Sikukuu. Simu ya duka hilo ndiyo iliyokuwa simu ya mtaa mzima.

"Nimesimama, dada."

"Basi egemea kitu. Tawi lenu la TANU limeleta pendekezo lake. Limesema una tabia njema na unachapa kazi. Ila limetaka usomee Mlimani tu. Nje ya nchi, hapana."

"Hapana kwa nini?"

"Hawakusema. Na mtu ambaye tawi lake halikumpitisha kwa safari, wizara haimgusi. Nafasi yako ya Kiev bado naishikilia, lakini Ijumaa majina yanaondoka mezani kwangu. Ongea na watu wako."

Mboni akarudisha simu mahali pake. Champaben, mke wa Natvarlal, alikuwa akikunja kanga nyuma ya kaunta.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi huo uso wa nini? Kaa, unywe maji. Kiti hicho si cha wateja tu."

Huo ulikuwa mwaka 1976. Siku hizo mtu akimaliza kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa, hakwenda moja kwa moja chuo kikuu. Alifanya kazi kwanza, kisha kazini kwake na tawi lake la chama ndio waliosema kama anafaa. Mboni alikuwa akitoboa kadi za kompyuta katika shirika la umma. Mbele yake kulikuwa na njia mbili. Mlimani angesoma hisabati, miaka mitatu, na kompyuta ingekuwa somo moja ndani yake. Kiev, kule Muungano wa Kisovieti, angesoma kompyuta yenyewe, miaka sita ukihesabu na mwaka wa kujifunza Kirusi.

Jioni ile alimkuta Nassibu viwanja vya Mnazi Mmoja. Nassibu alikuwa karani bandarini na katibu wa vijana katika tawi hilohilo la chama. Walikuwa wamependana tangu kambi ya jeshi, na washenga wake walikuwa waje kesho yake kuposa.

"Wamenifungia Kiev," Mboni alisema, kabla hata ya salamu.

Nassibu aliangalia viatu vyake. "Nani?"

"Tawi. Wewe hukusikia kitu?"

"Mikutano ni mingi, Mboni. Watu wanasema mengi."

"Nani alisema hili?"

"Labda Mungu mwenyewe kapanga. Mlimani kuna ubaya gani? Unapanda basi, jioni uko nyumbani. Hesabu ni hesabu."

"Siyo hivyo. Nimelipima jambo hili mwezi mzima. Nimeuliza mpaka wahadhiri. Hata uhandisi wa umeme nimeupima. Huko nitajua nyaya. Mlimani nitajua hesabu. Mimi nataka kujua ile mashine inapewaje amri."

"Mashine ambayo serikali imezuia isiingizwe nchini. Mimi niko bandarini, naona. Utarudi na shahada ya kitu ambacho hakipo."

"Ipo. Ile ya ofisini iliingia kabla ya zuio. Na mwenye kuiandikia amri ni Mwingereza mmoja. Akienda likizo, ikigoma, tunakaa tunaitazama kama mgonjwa asiye na ndugu."

Nassibu akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Miaka sita, Mboni."

"Katikati kuna likizo."

"Miaka sita ni mingi."

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa bado sijaamua. Lakini sasa kuna mtu kaniamulia, na simjui."

Nassibu akasema, "Kesho washenga watafika saa nne. Usichelewe kusuka."

*

Washenga walifika saa nne kasoro. Aliyetangulia alikuwa Mzee Shomari, baba mdogo wa Nassibu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Walivua viatu mlangoni, wakaketi mkekani, wakaanza kusalimia wa nyumbani.

Hawajamaliza salamu, Mzee Benjamini akaingia. Alikuwa jirani na balozi wa nyumba kumi, Mngoni wa Songea. Baba yake Mboni alikuwa Mmwera wa Lindi. Wangoni na Wamwera ni watani, na mtani kwenye posa haombi ruhusa ya kusema. Benjamini alikuwa amekwisha kukusanya viatu vyote vya washenga ndani ya kikapu, akakikalia.

"Viatu nimeviteka," alisema. "Nyie mnaoa kwa hawa Wamwera mnawajua? Babu zetu walikuwa wakikohoa tu Songea, hawa wanapanda miti Lindi."

"Mngoni ondoka hapo," baba yake Mboni alisema, akijizuia kucheka. "Umekuja kunusa pilau, na bado halijapikwa."

"Nimekuja kulinda mtoto wenu, maana nyie hamna macho. Mzee Shomari, huyo kijana wako ana wivu wa jogoo."

"Kijana wetu ni mpole," Mzee Shomari alijibu.

"Mpole? Alisimama tawini, mimi nimekaa mbele yake, akasema: 'Ndugu wajumbe, huyu binti anakaribia kuolewa. Tukimpeleka nje ni hasara kwa taifa. Apewe Mlimani.' Taifa, jamani! Taifa lenyewe ni yeye peke yake, na kitanda chake."

Sebule nzima ikalipuka kwa kicheko. Mzee Shomari alifuta machozi kwa ncha ya kanzu. Wote walidhani ni utani, kwa sababu aliyesema ni mtani.

Nyuma ya pazia la chumbani Mboni hakucheka. Mtani anaweza kutia chumvi, lakini Benjamini alikuwa balozi, na balozi hukaa kwenye vikao vya tawi.

Baada ya viatu kukombolewa kwa soda, mazungumzo yakageuka mazito. Posa ikatamkwa. Baba akamwita dada yake, shangazi Zamzam, aende kumuuliza binti. Kila mtu alijua desturi. Mwari huulizwa, hunyamaza, na kimya chake ndiyo idhini yake. Zamzam aliinua pazia, tayari ana tabasamu la kurudi nalo.

"Mboni, mwanangu. Nassibu ametuma watu wake. Tuwajibu nini?"

Mboni hakunyamaza.

"Shangazi, kwanza kamuulize balozi. Lile neno la tawini ni utani au ni kweli?"

Pazia lilikuwa jepesi, sebuleni wakasikia. Wote wakamgeukia Benjamini. Naye akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Ni kweli, binti yangu. Sikujua kama hukujua."

"Ahsante, balozi. Basi, shangazi, waambie washenga posa yao siikatai, wala siikubali. Nassibu alifunga mlango mbele ya watu. Aufungue mbele ya watu walewale. Jibu langu nitampa hapohapo."

"Wewe mtoto," Zamzam alinong'ona, "mwari hasemi hivi."

"Ningenyamaza, shangazi, mngeandika ndiyo."

*

Nassibu alikuja mwenyewe kesho yake jioni. Hakuingia ndani. Alisimama barazani, na Mboni akasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mzee Shomari hasemi na mimi," Nassibu alianza.

"Ana haki."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wanaume walioachwa nyuma nawajua. Mmoja tuko naye ofisini. Mchumba wake alikwenda Ulaya kusomea udaktari. Barua zilianza kila wiki, zikawa kila mwezi, mwisho ikaja picha ya harusi. Anacheka akituhadithia, lakini chakula hamalizi."

"Sasa mimi ni huyo daktari?"

"Hapana."

"Ungeniambia hivyo Mnazi Mmoja, ningekusikia. Nassibu, nikwambie kitu? Juma lililopita nilikuwa nimeanza kuegemea Mlimani. Kwa ajili yako. Hakuna aliyenilazimisha. Ungesubiri kidogo tu, huenda ningekuletea mwenyewe kama zawadi. Wewe ukaiba."

Nassibu akakaa kwenye ngazi.

"Na sasa?"

"Sasa nilijiuliza kama naitaka Kiev kwa hasira. Nikakaa nayo usiku na mchana. Nikakuta hasira imepungua na Kiev bado ipo. Ndipo nikajua."

"Nikisimama tawini nitachekwa, Mboni. Mimi ni katibu."

"Utachekwa."

"Na nikisimama, nitakuwa nimekupoteza kwa mdomo wangu mwenyewe?"

"Hilo hulijui. Mimi pia nilipokuwa natuma jina langu sikujua. Kikao ni Alhamisi."

*

Alhamisi alasiri ofisi ya tawi ilijaa mpaka madirishani. Habari ya posa iliyoning'inizwa ilikuwa imezunguka Kariakoo yote, na hata wasio wajumbe walikuja kusikiliza. Champaben alimwacha Natvarlal dukani, akaja na sari yake ya kijani, akajipatia nafasi karibu na mlango.

Mwenyekiti akagonga meza. "Ndugu katibu wa vijana ameomba kusema."

Nassibu alisimama. Akaiweka mikono nyuma.

"Ndugu mwenyekiti, ndugu wajumbe. Kikao kilichopita nilisema kumpeleka Ndugu Mboni nje ni hasara kwa taifa. Sikusema kwa ajili ya taifa. Nilisema kwa ajili yangu. Ninataka kumuoa, na nilitumia kiti cha chama kumfungia njia. Naomba pendekezo libadilishwe. Na kama kiti hiki mtanivua, nimekubali."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Jogoo amewika," na wengine wakacheka. Nassibu hakukaa. Alisubiri kicheko kiishe.

"Kiti tutakiongelea baadaye," mwenyekiti alisema. "Tusikie mwenye safari. Ndugu Mboni, tueleze. Kompyuta zimezuiwa. Tukutume mbali hivyo ukasomee nini?"

Mboni alisimama kando ya Nassibu, hatua moja mbali naye.

"Ndugu mwenyekiti, zuio ni la mashine. Halikuzuia akili. Mimi nafanya kazi na moja ya zile zilizopo. Ilinunuliwaje, sijui, lakini aliyetuambia inafaa ni yuleyule aliyetuuzia. Siku zuio likiondoka, serikali itahitaji mtu wa kuuliza: tununue ipi, tununue kwa kazi gani, au tusinunue kabisa. Kama hatuna mtu wetu anayejua, tutamuuliza tena muuzaji."

"Na Mlimani?" mjumbe mmoja akauliza. "Chuo chetu wenyewe unakidharau?"

"Sikidharau, baba. Kama ningetaka kuwa mwalimu wa hesabu, nisingetoka hapa. Nitakayojifunza nitayaleta Mlimani. Nataka siku moja binti wa Kariakoo asome kompyuta na jioni arudi kwao kwa basi. Lakini lazima mtu aende kuchukua mbegu."

Mwanamke mmoja muuza vitumbua, aliyekaa sakafuni, akainua mkono. "Mimi sijui kompyuta. Nauliza, huyu mwanamume aliyejivua nguo mbele yetu, unamwacha na nani?"

Watu wakacheka tena, Nassibu naye akashindwa kujizuia.

Mboni akamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu aingie.

"Bwana Nassibu, utaweza miaka sita?"

"Sijui," Nassibu alisema. "Nitaweza wa kwanza. Nikiumaliza huo, nitaanza wa pili."

"Ungesema utaweza yote, nisingekuamini." Mboni akamrudia mwenyekiti. "Namwacha na mama yake, ndugu mwenyekiti. Akiwa mume wangu."

Champaben ndiye aliyeanza kupiga makofi. Vigelegele vikafuata, na mwenyekiti akagonga meza mara nyingi bila kusikilizwa. Mikono ya kumpitisha Mboni ilipoinuliwa, hata wasio wajumbe waliinua ya kwao, na balozi Benjamini akapita akiishusha, akisema, "Wewe shusha, wewe ni shabiki tu."

Asubuhi ya Ijumaa Mboni alipiga simu Posta.

"Dada Candida, umesimama au umekaa?"

"Nimekaa juu ya majina. Sema."

"Kiev."

"Alhamdulillahi, ingawa mimi Mkatoliki."

*

Waliozeshwa Ijumaa iliyofuata, baada ya sala. Barazani walijaa wanaume wenye kofia, Benjamini katikati yao akidai kwamba harusi ni yake. Sheikh alimtuma shangazi Zamzam ndani kuuliza mahari, maana mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe kuitaja.

Zamzam alirudi akiwa na uso wa mtu aliyebeba yai.

"Ametaja msahafu mmoja."

"Vizuri," sheikh alisema.

"Na kamusi ya Kirusi."

Sheikh akamtazama. "Kamusi ya nini?"

"Ya Kirusi, sheikh. Amesema bila hiyo haolewi."

Nassibu aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitabu kinene cha jalada jekundu. Alikuwa ameambiwa mapema, na alizunguka bandari siku tatu mpaka alipompata baharia wa meli ya Kirusi aliyekubali kumwachia. Akakiweka mkekani, juu yake msahafu.

"Hapana," sheikh alisema kwa upole, "msahafu usikae juu ya kitabu cha kawaida. Weka kando kwa kando. Ndiyo hivyo." Akakohoa. "Bwana harusi, umekubali kumuoa Mboni kwa mahari hayo?"

"Nimekubali," Nassibu alisema. "Pamoja na maneno yote yaliyomo."

Vigelegele vya ndani vilipasuka kabla sheikh hajainua mikono kuomba dua, vikavuka ua, vikatoka mpaka dukani kwa Natvarlal. Na mwezi wa Septemba, Mboni akapanda ndege akiwa mke wa mtu na mwanafunzi wa kompyuta, kama alivyochagua mwenyewe.