Majivu Niliyowapelekea Wazee Wawili

Tulieni, enyi mlioitwa kwa jina la Bwana. Mama mwenye mtoto na amnyonyeshe ili asilie. Aliye karibu na mlango na aufunge, kwa maana upepo wa Julai umeanza tena kushuka kutoka milimani, nami ninayo sababu ya kuuogopa. Leo sitahubiri. Nimechoka, wapendwa. Huu ni mwaka wa tatu nabeba neno moja kama mtu abebaye maiti asijue pa kuizika. Leo nalitua mbele yenu.

Jina langu mnalijua: Saulo, mwinjilisti wa kijiji hiki. Yule Saulo wa kwanza aliangushwa njiani na nuru. Mimi niliangushwa na pumzi.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1976. Nilikuwa narudi kwa miguu kutoka Chimala, dumu la mafuta ya taa mkononi, kwa ajili ya karabai ya kanisa. Jua lilikuwa limekwisha kugusa mlima. Mabua ya mpunga yalivunjika chini ya viatu vyangu, na kwa mbali nilimsikia balozi wetu wa nyumba kumi, Nkuba, akiwapigia ng'ombe wake mluzi waingie zizini. Jioni ya kawaida kabisa. Lakini njia ile ilinilazimu kupita kando ya nyumba ya mwisho, nyumba ya wale wazee wawili, na moyo wangu ukawa mzito kuliko dumu.

Mnakumbuka tulivyoletwa hapa mwaka wa sabini na nne, Operesheni ya vijiji ilipotukusanya: Wasangu wenye nchi, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma na ng'ombe wao. Tulikuwa hatujui hata namna ya kuliliana misibani. Ndipo tukajitungia desturi: kila kaya mpya ipelekewe kaa la moto kutoka kwa jirani, ndani ya kigae, likiwa limefunikwa kwa majivu lisizimike njiani. Kibiriti huivisha ugali, tulisema, lakini kaa la jirani humfanya mtu kuwa wa hapa. Aliyelipokea atauguzwa akiugua, na akifa atalala katika makaburi yetu. Majivu matupu yana kazi nyingine. Hayo huzolewa jikoni mwa marehemu na kumwagwa njia panda.

Wazee wale walifika wiki mbili kabla ya jioni ile, wakisukuma toroli lenye godoro moja, sufuria moja na jembe. Asukile alikuwa Mnyakyusa mrefu, mgongo umepinda kwa kuvunja kokoto katika kambi ya barabara. Liberatus alikuwa Mhehe mfupi wa upande wa Kalenga, rozari shingoni, aliyekuwa mpishi wa kambi ileile. Walikuwa wamestaafu. Vijiji vitatu vilikuwa vimekwisha kuwakataa.

Barazani Nkuba aliwazunguka kama mtu anayenunua fahali.

"Wazee wawili, sufuria moja, godoro moja," akasema. "Sasa nani kati yenu husonga ugali?"

"Anayewahi kusikia njaa, balozi," akajibu Liberatus.

Watu wakacheka. Hata Nkuba akacheka. Nawaambia kweli, saa ile wangeweza kupokelewa. Walipewa kiwanja cha mwisho, nami, kwa kuwa ndiye niliyekuwa jirani wa karibu, nikapewa kazi ya kupeleka kaa.

Lakini nilitangulia kuwauliza, faraghani, jioni ileile waliyofika.

"Ninyi ni ndugu?"

"Hapana, Mwinjilisti," akasema Asukile.

"Basi ni nini?"

Akanitazama. Hakuwa na ukali. Alikuwa mtu aliyechoka kuulizwa.

"Wewe na mkeo Lea ni nini?"

"Mume na mke," nikasema.

"Basi ni hivyo hivyo," akasema. "Miaka thelathini na mmoja. Hatukuja kukusumbua, baba. Tunatafuta mahali pa kuzeekea. Na mahali pa kuzikwa, mmoja kando ya mwenzake. Hayo tu."

Nilirudi nyumbani ulimi wangu ukiwaka maandiko. Sikumwambia mtu nililolisikia. Nilifanya lililo baya zaidi. Watu walipoanza kunong'ona kwamba wazee wasio na wake bila shaka ni wachawi, niliacha mnong'ono ukue, maana neno *uchawi* lilikuwa jepesi kinywani kuliko lile nililolijua. Na asubuhi moja, mbele ya macho ya kijiji kizima, niliwapelekea kigae.

Ndani yake mlikuwa na majivu peke yake.

Liberatus aliyapokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Akatia kidole. Akatafuta. Akazungusha kidole hadi kikagusa udongo wa chini.

"Asante, jirani," akasema.

Tangu siku ile hakuna aliyewasalimu. Kisimani wanawake waliondoa ndoo zao Liberatus alipokaribia. Jioni, katika kila jiko, waliongelewa kwa sauti ya chini. Kisha tukasikia kwamba Asukile anakohoa.

Sasa rudini nami njiani.

Nilipoikaribia nyumba ile, kwanza nilisikia harufu. Majivu yaliyomwagiwa maji. Harufu ya jiko la msiba.

Kisha sauti.

Hhhhh… hhhhh…

Nilidhani ni upepo katika mabua. Lakini mabua hayakutikisika. Ilikuwa pumzi. Pumzi ya watu wengi, ikivutwa pamoja na kutolewa pamoja.

Hhhhh…

Walikuwa wameizunguka nyumba. Walisimama bega kwa bega, nyuso zimeelekea ukutani, vinywa wazi, na kutoka katika kila kinywa ulitoka mvuke mweupe uliotambaa juu ya udongo na kupenya nyufani. Nikamtambua Nkuba kwa fimbo yake. Nikataka kumwita. Na papo hapo, kutoka zizini, kwa mbali, nikamsikia Nkuba yuleyule akipiga mluzi.



Nikawatazama mmoja mmoja. Wazee wa kanisa. Wanakwaya wangu. Lea, mke wangu, kanga yake ya kijani kichwani. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyepepesa jicho.

Na wa mwisho, karibu kabisa na mlango, alishika kigae.

Alikuwa mimi.

Sijui nilipitaje. Najua tu kwamba nilijikuta ndani, mgongo wangu ukiuegemea mlango. Kulikuwa na baridi ambayo sijawahi kuionja hata kule juu Kitulo. Moto wa kibiriti ulikuwa ukiwaka kati ya mafiga, ndimi zake ndogo za samawati, bila joto lolote. Asukile alilala juu ya godoro. Liberatus alikuwa amemkumbatia kwa nyuma, amemfunika kwa mwili wake, kama mama afunikavyo mtoto mvua ikinyesha.

"Kamwene, Mwinjilisti," akanisalimu kwa Kihehe, kwa mnong'ono.

"Kamwene." Meno yangu yaligongana. "Kuna… kuna watu nje."

"Tunajua. Huja kila jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoleta kigae."

Asukile akafumbua macho. "Huyu ni yule wa nje," akauliza, "au ni yeye mwenyewe?"

"Ni yeye mwenyewe," akasema Liberatus. "Huyu anatetemeka."

Nikapiga magoti. Maombi hayakuja. Nimewaombea wafu na wendawazimu, lakini pale ulimi wangu ulikuwa kama ukuni.

"Nifanye nini?"

"Unajua," akasema Liberatus. "Lilete lile ambalo hukulileta. Hatukuombi utubariki. Lete kaa, ili nikiita 'Jirani!' pawepo mtu wa kuitika."

Nikakimbia. Niliwapita wale wa nje nikiwa nimefumba macho, na pumzi yao ikanigusa shingoni. Nikaingia jikoni mwangu nikihema. Lea alikuwa pale, amechuchumaa mbele ya mafiga, kanga ya kijani kichwani.

"Umetoka, Lea? Umekuwa wapi?"

"Nimetoka wapi, baba? Tangu jua halijazama nahangaika na moto huu." Akanionyesha jiko. Sauti yake ilikuwa na hofu. "Tazama. Kila nikipuliza, unazimika. Pumzi yangu leo inauzima moto."

Likabaki kaa moja. Nililitia katika kigae, nikalifunika kwa majivu, nikakikumbatia kifuani. Joto lake nililisikia kupitia shati. Nikalia njia nzima. Nilisema moyoni, Bwana, huyu ni mgeni wako, na mimi nilimfungia.

Nikafika. Wakanipisha, mmoja baada ya mwingine, pasipo kugeuza nyuso. Yule mwenye uso wangu peke yake ndiye aliyebaki mlangoni. Akainama. Akaweka mdomo wake juu ya kigae nilichokibeba, taratibu, kama mtu anayetaka kupoza uji wa mtoto.

Hhhhh…

Nikaingia. Liberatus akapokea kwa mikono miwili. Akatia kidole.

Akazungusha.

Akanitazama.

Mara ya pili, wapendwa, niliwaletea majivu.

Asukile akanyoosha mkono, akachota kidogo, akafunga kiganja. "Asante, jirani," akanong'ona. "Safari hii ulitaka." Naye akakata roho.

Liberatus hakulia. Alimfumba macho, akaivuta shuka. Kisha akaniuliza swali moja.

"Atalala wapi?"

Shamba langu lilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Ningeweza kusema: kwangu. Neno moja! Kaa lilikuwa limezimika mkononi, lakini neno hilo lilikuwa kinywani mwangu, na hakuna pumzi ya kuzimu ambayo ingelizima.

Nikasema: "Nitawauliza wazee."

Hata hapo. Hata hapo, ndugu zangu!

Akatikisa kichwa polepole. "Nenda ukaulize, baba," akasema. "Tumekwisha zoea."

Alfajiri nilikwenda na Nkuba. Nyumba ilikuwa tupu. Alama ya gurudumu moja ilielekea barabara kuu, imezama sana kwa uzito. Juu ya figa kilikuwako kigae changu cha kwanza, kimeoshwa. Na kwa kuwa chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, ndani yake mlikuwa na konzi ya maharage.

Nkuba alivua kofia. "Lo," akasema. "Nasi tuliwaita wachawi."

Mganga wa zahanati niliyemsimulia habari ile alisema ni nimonia, na huenda kweli. Bibi Alinanuswe, mnayemjua, alinijibu kwa njia nyingine. Kwao Unyakyusa, alisema, majirani wakimnung'unikia mtu kwa pamoja, pumzi yao hutoka bila wao kujua, ikamwendea kama baridi. "Wala hawahitaji hirizi," alisema. "Wanahitaji tu kukubaliana." Sijui ni yupi aliye sahihi. Hakuna gari lililowachukua. Hakuna kaburi lililopatikana. Lakini dereva mmoja wa lori aliapa kwangu kwamba mwezi uliofuata, wakati wa magharibi, pale Ipogolo chini ya mji wa Iringa, aliwaona wakisukuma toroli kando ya barabara na kuomba moto.

Nilimuuliza: "Walikuwa wangapi?"

"Wawili," akasema. "Mrefu alikuwa mbele."

Nayajua maandiko mnayoyatafuta sasa hivi katika mioyo yenu. Nami niliyasoma, kabla yenu, na tena baada ya wazee wale kuondoka. Hukumu ni ya Bwana, na ameketi akinisubiri na mimi. Lakini nimeisoma upya habari ya mji ule ulioteketezwa kwa moto. Lutu aliwafungulia wageni mlango. Umati ulioizunguka nyumba yake jioni ile haukuwa wa wageni, wapendwa. Ulikuwa wa wenyeji.

Jana, jua lilipozama, nilisikia gurudumu moja likilia uani kwangu. Kisha hodi, kwa sauti mbili. Lea alinitazama. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Chini ya mlango ubaridi ukaingia, nami nikasikia harufu ya majivu.

Sikufungua.

Kwa hiyo nimewaita. Wako njiani, nami peke yangu sitoshi, kwa maana hatukupumua mtu mmoja mmoja. Tulipumua pamoja. Inukeni. Acheni kunong'ona. Nendeni kila mtu jikoni mwake, leo hii kabla giza halijaingia, mkachukue kaa, mkasimame nalo barabarani. Wakija hao, au akija mwingine yeyote aliyefungiwa mlango, mwiteni jirani kabla hajaomba.

Na kabla hujatoka, ee ndugu, tia kidole chako ndani ya majivu uliyoyabeba. Kisipoungua, rudi ukawashe.