Chepe Lililotoka Likunja

Jeki ilikuwa imesogea. Harithi alifungua mlango wa nyuma wa Landikruza asubuhi, uani kwake Nachingwea, akaikuta upande wa kushoto, imebanana na sanduku la spana. Mpira wa tyubu alioifungia ulikuwa sakafuni, mzima, haukukatika wala kuchanika. Alisimama kidogo akiutazama. Kisha akairudisha jeki mahali pake, akaifunga upya, akaujaribu mpira kwa kidole gumba, akafunga mlango. Alikuwa amechoka. Masika humchosha kila mwenye gari katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, na yeye uchovu wa masika mengi ulikuwa umeshamkaa mgongoni.

Gari lilikuwa la zamani, lakini lilikuwa lake. Lilikodiwa na wanunuzi wa ufuta na watu wa kupima mawe ya madini kule Ruangwa, na mara nyingi lilibeba wagonjwa, kwa sababu kuna vijiji ambako mvua ikishashika hakuna kingine kinachofika. Vyombo vya kubeba humo alivichagua kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, aliyeendesha malori ya korosho. Jeki iwe ile ndefu ya chuma, maana ile fupi ya mafuta huzama kwenye tope kabla gari halijainuka, na chini yake pawe na kipande cha ubao wa mninga. Mnyororo badala ya kamba, kwa kuwa kamba iliyolowa hukatika bila kuaga. Shoka la miti iliyoanguka, panga la kukatia matawi ya kutandika chini ya matairi, na chepe la mpini mfupi, linaloweza kutumiwa na mtu aliyelala chini ya gari. Spana alizifunga kwa vipande vya kanga kuukuu zisipige kelele. Vizito vilikaa mbele, karibu na kiti. Kitakachohitajika kwanza kiliingia mwisho. Wala hakuwasha injini mpaka kila chombo kiwe kimerudi mahali pake. Shemeji zake walimcheka kwa hilo. Walisema Harithi anaweza kumsahau mke njiani, lakini si bisibisi.

Siku iliyofuata mnyororo ulihama. Halafu shoka, halafu sanduku zima la spana, ambalo mtu mmoja halisogezi bila kuguna. Kila mara alivirudisha, na kila mara alipofungua alivikuta vimebanwa kandokando, kushoto na kulia, katikati ya sakafu peupe. Chepe peke yake halikusogea. Na gari lilianza kunuka. Si mafuta, si tope la barabarani. Ilikuwa harufu ya udongo wa chini, ule usiowahi kuona jua. Aliosha sakafu kwa sabuni akaacha milango wazi mchana kutwa, na jioni harufu ilikuwa palepale.

Aliyelisema jambo lile kwa mdomo ni mkewe, Sabaha. Alikuja na beseni la nguo, akachungulia nyuma ya gari, akaweka beseni chini. Kisha alivua mtandio akautandaza katika ile nafasi iliyo wazi, ukaenea kutoka kiti mpaka mlango, vyombo vikiwa vimepakana nao pande zote mbili kama vimepangwa kwa kamba.

"Baba Yasmini," alisema kwa sauti ya chini, "hapa pamepimwa mtu."

Harithi alimwambia gari linatikisika, barabara mbovu.

"Gari linatikisika limesimama uani?"

Wote wawili walikuwa wanamfikiria mtu mmoja. Yasmini, binti yao wa pekee, aliolewa Chinongwe, na mimba yake ilikuwa imefika mwisho. Ya kwanza alipasuliwa kwa kuchelewa, na mtoto hakupona. Safari hii muuguzi alimkataza kujifungulia kijijini, na Harithi alikuwa ameahidi kwamba uchungu ukianza tu, atamfuata mwenyewe ampeleke hospitali ya Ruangwa. Angelazwa nyuma, kwenye godoro. Hapo hapo katikati.

Sabaha aliona chepe peke yake halijasogea, akamuuliza lilichimba nini mara ya mwisho. Ndipo Harithi alipomsimulia, huku akiangalia pembeni. Alikuwa kijijini Likunja kwenye maziko ya Saadi, mkulima wa ufuta waliyejuana kwa miaka. Wachimbaji walifika kwenye mwamba, jembe likavunjika mpini, naye akatoa chepe lake. Baada ya kuzika, vyombo vyote viliegemezwa ukutani kwenye nyumba ya msiba, kama ilivyo desturi ya watu wa kule: vilivyochimba kaburi haviondoki mpaka tanga lianuliwe na mwenye msiba avioshe kwa mkono wake. Harithi alilijua hilo. Lakini wingu lilikuwa limejaa upande wa mto, na yeye hakuweza kuondoka na pengo kati ya vyombo vyake. Alilifuta chepe kwa majani, akalirudisha garini, akaenda zake bila kuaga.

Sabaha aliokota mtandio wake. Hakumlaumu. Pengine angemlaumu, ingekuwa nafuu.

Walikwenda Mnero kwa mzee Kasmiri, ambaye watu humwendea kwa mambo kama hayo. Walimkuta anatetemeka kwa homa, amejifunika blanketi mchana, anamenya mihogo. Aliitikia shikamoo zao, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo kwa uchovu.

"Nyie wenye magari mnamwendea mganga kama fundi. Mnataka kujua kelele inatoka wapi."

Harithi alimuuliza kama ni marehemu Saadi.

"Saadi amelala, mwache. Makaburi yote yana mwenyewe, jini la pale pale. Kazi yake ni kuandaa nafasi. Anakaa na vyombo mpaka vioshwe, vikioshwa anarudi kwake. Wewe umemchukua kabla hajamaliza kazi, sasa anaifanyia kwako. Wala hakuchukii. Anafanya anachokijua."

Aliwaagiza wampeleke yeye mwenyewe Likunja siku ile ile, na wapite sokoni wachukue unga wa mtama. Alipanda mbele na blanketi lake, na njia nzima hakugeuka kutazama nyuma.

Bi Amna, mjane wa Saadi, alikuwa ndani ya eda, hivyo walizungumza naye kupitia mlango uliorudishwa. Harithi aliomba radhi. Sauti ya ndani ikasema bila hasira:

"Shemeji, na huku hatulali. Pale ukutani palipokuwa na chepe lako, kuku hawapiti, mbuzi hawapiti. Nilijua limeondoka kabla sijahesabu."

Mkono wake ulitoka mlangoni na kata ya maji. Harithi aliliinamisha chepe, naye akaliosha, akilisugua kwa vidole mpaka chuma kikang'aa. Maji yaliyodondoka yalikuwa mekundu ya udongo, na yaliendelea kuwa mekundu muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kasmiri alimimina unga kwenye kizingiti, akasema maneno yake, akaamuru chepe libaki hapo hapo ukutani, lisirudi tena garini. Walipofungua mlango wa nyuma, harufu ilikuwa imekwisha. Harithi aliona machozi yanamlenga, akajifanya anakagua tairi.

Siku chache zilipita na vyombo vilitulia. Simu ya Chinongwe ilikuja asubuhi, mvua ikinyesha: uchungu umeanza. Harithi na Sabaha walikwenda. Yasmini alilazwa nyuma kwenye godoro, katikati ya vyombo vilivyofungwa sawasawa, na Sabaha akaketi kwenye sanduku la spana, kichwa cha binti yake kikiwa mapajani mwake.

Barabara ilikuwa imegeuka uji. Harithi aliendesha ameshika usukani kwa mikono miwili, hasemi, akisikia kila kilio nyuma yake kama kinatoka kifuani mwake mwenyewe, na walipofika kwenye bonde ambako maji yalikuwa yanakatiza, gari likateleza, likakaa, likazamisha tairi moja, naye akakanyaga mafuta taratibu huku akijua kwamba chepe ambalo lingemtoa pale limeegemea ukuta wa Bi Amna, akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena, mpaka gari likajinasua lenyewe kwa mtikisiko mmoja, jepesi, kama lililosukumwa na mtu, na ndani ya ule utulivu uliofuata akamsikia Yasmini akisema kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka sana:

"Mama, sogea kidogo. Unanilalia miguu."

Harithi aliinua macho kwenye kioo. Sabaha alikuwa palepale, kichwani kwa binti yake, mikono miwili kwenye mashavu yake, na macho yake yalikuwa yametulia kule mwisho wa godoro, karibu na mlango, ambako blanketi lilikuwa limebonyea katikati kama kitu kizito kimekaa juu yake, na kadiri gari lilivyopanda mlima, lile bonyeo lilipanda nalo, polepole, kutoka miguuni kuelekea magotini, kutoka magotini kuelekea mapajani, na harufu ya udongo wa chini ikajaa gari lote hata mvua iliyokuwa ikiingia dirishani haikuweza kuiondoa.

"Endesha," Sabaha alisema. "Usiangalie huku, Baba Yasmini. Endesha tu."

Sabaha alianza kusoma kila dua aliyoijua, na alipokosea alianza upya.

Walifika Ruangwa adhuhuri. Wauguzi walimpokea Yasmini mlangoni, na kabla Harithi hajapata mahali pa kukaa, aliletewa habari kwamba mtoto amezaliwa, wa kiume, mzima, na mama yake mzima. Sabaha alikaa chini sakafuni pale pale koridoni akalia bila sauti. Harithi aliegemea ukuta. Alitaka kushukuru, lakini mwili ulikuwa mzito, na alichoweza ni kufumba macho. Nafasi ilipimwa kwa ajili ya Yasmini, na Yasmini ameinuka kutoka humo akiwa hai. Basi, alijiambia. Basi, imekwisha.

Waliruhusiwa kurudi baada ya siku kadhaa, jua likiwa limetoka. Godoro lilikuwa limetolewa likaoshwa, na Yasmini alisema angependa kukaa mbele na mwanawe. Kwa hiyo Harithi alitangulia kwenda kuandaa gari. Alifungua mlango wa nyuma.

Vyombo vilikuwa vimerudi katikati. Jeki, mnyororo, shoka, sanduku la spana, vyote vimesongamana kama watu wanaochungulia kitu. Katikati yao palibaki nafasi moja iliyo wazi, safi, imefagiliwa, ambayo mtu angeweza kuipima kwa mkono wake kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole.

Harithi hakupiga kelele. Aliishika jeki akaitupa nje. Akautoa mnyororo, akalitoa shoka, akaburuta sanduku mpaka likaanguka na spana zikatawanyika kwenye kokoto, akatoa panga, ubao, tairi la akiba, kila kitu alichowahi kukichagua, na watu waliokuwa wamekaa kivulini wakawa wanamwangalia mzee mwenye shati lililolowa jasho anavyotapanya mali yake. Alipomaliza, sakafu ilikuwa tupu kuanzia kiti mpaka mlango. Alipumua. Hapakuwa na nafasi yoyote iliyopimwa tena.

Ndipo harufu ikaja, nzito kuliko siku zote, na akaelewa alichokifanya. Sasa gari lote lilikuwa wazi, nafasi ya kuwatosha wote.

Nyuma yake alisikia kandambili za Yasmini kwenye kokoto, na sauti ya mtoto ikinung'unika ndani ya kanga.

"Baba," Yasmini alisema, "tupande?"

Harithi alisimama amempa mgongo, ameshika mlango, mwili wake ukiziba ile nafasi.