Mkia wa Mwenyekiti

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, mkia wa Mwenyekiti ulikuwa umechanika mahali patatu.

Mwenyekiti ni samaki. Ana rangi ya dhahabu na urefu wa kidole cha kati. Mtu yeyote akikaribia tangi, yeye hutangulia mbele, ndiyo maana marehemu baba mkwe alimpa cheo hicho. Mwenzake mwenye doa jeusi shavuni anaitwa Katibu. Wa tatu alikuwa Mweka Hazina. Huyo alikutwa Jumatano akielea, amekufa.

Dobi alisimamisha pasi, akainama mbele ya kioo. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho duka lake. Kuna meza ya kupigia pasi, kamba za nguo, na rafu ya vifurushi vya wateja. Tangi la samaki, lita themanini, linakaa juu ya kabati kando ya mlango. Kingo za mkia zilikuwa kama nguo iliyofumuka pindo, na zilikuwa na mstari mweupe.

"Mume wangu, njoo na lenzi yako."

Mumewe ni fundi saa, mwenye meza yake kwenye kona ya chumba hicho hicho. Alikuja lenzi ikiwa jichoni, akatazama kwa muda mrefu.

"Mkia unalika," alisema. "Lakini simwoni mlaji."

"Mlaji ni kifo," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwenye duka la mikate mtaa wa pili. Aliingia bila kubisha, kama kawaida yake.

"Wifi, mmoja umeshamzika, wawili wako njiani. Wamwageni hao, mnipe tangi nipange mikate. Kioo kizuri hivi kinageuzwa chumba cha maiti!"

"Baba alisema tangi ni la atakayewatunza samaki. Alisema wewe ukiwepo."

"Ndiyo, atakayewatunza. Hakusema atakayewaua." Wifi akamgeukia nduguye. "Au vipi, kaka?"

Fundi saa akawa anafuta lenzi yake, ambayo haikuwa na vumbi.

"Nakupa wiki tatu, wifi," dada mtu alisema. "Wakifa, nakuja na mchukuzi."

"Wiki tatu," Dobi alijibu. "Na usije siku moja kabla."

Wifi alipoondoka, Dobi alikunja mikono ya gauni. Kila Jumamosi aliosha tangi, na alijua kuosha. Aliwatia samaki kwenye beseni, akatoa maji yote kwa ndoo na kuanza kuyamwaga, akamimina kokoto kwenye karai la sabuni. Akachukua sponji ya chujio, ile inayochuja maji ya tangi. Ilikuwa ya kahawia. Yeye huikamua na kuisugua mpaka iwe nyeupe kama shuka ya hoteli.

"Dada, ngoja!"

Jirani yao alikuwa amesimama mlangoni na makoti meupe mkononi. Anafanya kazi maabara ya idara ya maji, na makoti yake hufuliwa hapo. Mtaani wanamwita Chupa, kwa sababu hatembei bila chupa za kuchukulia maji ya kupima.

"Ningoje nini? Samaki wanaumwa. Nawaondolea uchafu."

"Unawaondolea uhai. Hiyo sponji umeitia sabuni?"

"Bado. Naitia sasa."

"Usiitie. Kwanza tuyapime maji yale uliyoyatoa. Yamebaki?"

Yalikuwa yamebaki kwenye ndoo moja. Chupa alichota kidogo, akadondosha dawa ya kupimia, akatikisa. Maji yakageuka kijani kibichi. Akalinganisha rangi na karatasi yake.

"Amonia. Miligramu mbili kwa lita. Inatakiwa iwe sifuri."

"Amonia ndiyo nini?"

"Sumu inayotoka kwenye choo cha samaki na chakula kinachooza. Haina rangi."

Dobi aliweka mikono kiunoni. "Jirani, mimi ni dobi. Ukiniambia maji yangu machafu, umenitukana kwenye kazi yangu. Tazama, yanang'aa!"

"Yanang'aa, ndiyo. Mimi kila siku napima maji yanayong'aa ambayo nisingempa adui yangu. Jicho halioni sumu."

Dobi hakupenda jibu hilo. Lakini rangi ya kijani ilikuwa pale pale kwenye chupa, na haikubishana na mtu.

"Nifafanulie," alisema.

Chupa alikaa kwenye stuli. "Ugonjwa huu ni kuoza kwa mapezi. Unaletwa na bakteria. Bakteria hao huwamo majini siku zote, lakini samaki mwenye nguvu hawamwezi. Samaki akiishi kwenye sumu, nguvu zinamwisha, nao wanaanza kumla kuanzia kwenye kingo za mapezi. Na walaji hao hawaonekani kwa macho."

"Na sponji inahusikaje?"

"Ndani ya sponji wanaishi bakteria wengine, wazuri. Hao kazi yao ni kuivunja amonia. Wewe kila Jumamosi unawaua kwa sabuni. Wakianza kuzaliana, Jumamosi nyingine imefika."

Fundi saa akacheka. "Mke wangu ni mkali hata kwa wasioonekana."

"Na wewe usicheke, shemeji. Nani anawalisha?"

"Mimi, asubuhi," alisema Dobi.

"Mimi, mchana," alisema mumewe, kicheko kimekwisha. "Na jioni pia. Na wateja wakisubiri nguo, hutupia kidogo."

"Basi samaki wawili wanakula chakula cha kumi. Kisicholiwa kinaoza, kinageuka amonia."

Fundi saa akafungua mtoto wa meza, akatoa kidonge cha rangi mbili. "Hiki kilibaki nilipoumwa jino. Kinaua bakteria. Nikifungue humo?"

"Thubutu! Hicho uliandikiwa wewe, na ulipaswa ukimalize. Hujui kipimo cha samaki, utawaua na bakteria wazuri, na utawafundisha wabaya kuizoea dawa. Kwanza maji. Dawa baadaye, tena ya samaki, ikibidi."

Siku hiyo Dobi alifanya alivyoelezwa. Kokoto alizisuuza mara nyingi mpaka hazikuwa na sabuni hata kidogo. Sponji aliikamua taratibu, mara mbili tu, ndani ya ndoo ya maji ya tangi. Maji ya bomba hayakutumika vivi hivi. "Tunayatia klorini ili watu wasiugue," Chupa alieleza, "lakini klorini inaunguza mashavu ya samaki na kuua bakteria wa sponji." Walitumia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki, wakahakikisha joto la maji mapya ni sawa na la yale ya kwenye beseni.

Jioni Chupa alirudi na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na kipande cha sponji, cheusi, kinachonuka tope.

"Kimetoka kwenye tangi la samaki wetu pale maabara. Wote wazima. Kina bakteria wazuri tele."

"Unaniletea uchafu nyumbani kwangu?"

"Nakuletea wafanyakazi."

Dobi alikishika kwa ncha za vidole viwili, akakiweka kwenye chujio, kisha akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Kuanzia Jumapili, kila siku alitoa robo ya maji, yaani ndoo moja ya lita ishirini, akivuta uchafu wa chini kwa mpira. Akarudisha ndoo moja iliyotiwa matone. Chakula kilikuwa mara moja kwa siku, kiasi cha kwisha ndani ya dakika mbili. Kopo la chakula alilifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni.

"Hata mimi?" mumewe aliuliza.

"Hata ungekuwa jaji."

Siku ya tano mkia wa Mwenyekiti haukuwa umechanika zaidi. Wa Katibu ulikuwa mwekundu kwenye shina, naye alijificha nyuma ya chujio, hali kitu.

"Huyu mwachie Mungu," alisema mumewe kwa upole. "Na tangi tumpe dada. Ugomvi uishe."

"Ugomvi hauishi kwa mimi kukubali uongo. Yeye anasema siwezi. Hajasema ukweli, na sitampa."

Chupa, aliyekuwa amepita kupima maji, alimtazama Katibu. "Wekundu umefika kwenye mwili. Huyu sasa ni wa dawa."

Walimhamishia kwenye beseni safi lenye maji ya tangi na pampu ndogo ya hewa. Dobi alinunua dawa ya bakteria ya samaki. Alisoma karatasi ya maelezo mara tatu, akapima ujazo wa beseni, akatia kipimo kilichoandikwa. Hakuongeza hata tone. Maji ya beseni aliyabadilisha kila siku. Alimaliza siku zote saba za dawa, ingawa siku ya nne Katibu alianza kula.

Jambo gumu lilikuwa Jumamosi. Sponji ilikuwa ya kahawia tena, na mikono ilimwasha. Alichukua shuka safi za mteja, akazifua upya.

Siku ya kumi na nne amonia ilikuwa robo ya miligramu. Siku ya kumi na tisa ilikuwa sifuri. Siku ya ishirini Katibu alirudishwa tangini.

Siku ya ishirini na moja, saa nne kamili asubuhi, wifi aliingia. Nje, mchukuzi alikuwa amesimamisha mkokoteni.

"Haya, wifi. Nimekuja na kamba na blanketi la kufunikia."

"Karibu. Tazama kwanza."

Wifi alisogea kwenye kioo. Mwenyekiti akatangulia mbele. Katibu akamfuata.

"Huyu umemnunua mpya."

"Doa la shavuni nalo nimelinunua?"

Fundi saa aliinuka kwenye meza yake. Akamvalisha dada yake lenzi jichoni.

"Angalia ukingo wa mkia, dada. Unaona utando mwembamba, kama nailoni? Hilo ni pezi jipya. Jana nililipima kwa rula kupitia kioo. Milimita mbili."

Wifi alitazama kwa muda. Akamtazama Katibu pia.

"Wanaweza kufa kesho," alisema.

"Hata wewe," alijibu Dobi. "Baba alisema ni la atakayewatunza."

"Na ndiye huyu, dada," alisema fundi saa. "Mwambie mchukuzi aende."

Wifi alivua lenzi, akaiweka juu ya meza ya pasi. Alitoka na kamba yake. Saa nne na dakika kumi na mbili, mkokoteni uliondoka mtupu.