Miguu Ukingoni mwa Paa

Kivuli kilikuwa kimezidi. Bi Kipimo alikiona mara ya kwanza saa nne asubuhi, ofisini, chai ikiwa bado inatoa mvuke mezani, na akadhani ni macho yake tu yamechoshwa na kioo cha kompyuta.

Bi Kipimo si jina alilopewa na wazazi. Wenzake ofisini ndio waliompachika, kwa sababu mwanamke huyo hapiti mlango bila kuukadiria upana, na walikuwa wakimtania kwamba hata mchumba akija atatakiwa kwanza alete vipimo. Kazi yake ni kuchora nyumba kwa programu ya kompyuta, na hasa alisifika kwa ukingo wa paa, pale bati linapoishia hewani: ubao wa pembeni, mfereji wa maji ya mvua, mbao za kufunika kwa chini. Watu wengi hawapaangalii kabisa. Yeye alikuwa akisema nyumba huanza kuharibikia hapo, na akikuta mtu kapachora ovyo, hasira zake zilimmaliza siku nzima.

Siku hiyo alikuwa amefungua nyumba ya mama yake. Aliichora mwenyewe, ikajengwa, na mama alikuwa amehamia wiki tatu tu zilizopita, mjane mwenye magoti mabovu ambaye tangu aolewe hakuwahi kulala ila katika nyumba za kupanga. Sasa mama alikuwa amepiga simu kulalamika kwamba kila alasiri kuna kitu kinagonga ukuta wa chumba chake kwa nje, kona ya nyuma. Bi Kipimo akawaza, labda mfereji umelegea. Akaizungusha nyumba kwenye kioo hadi kona ile, akawasha jua. Programu hiyo ina jua lake: unachagua siku na saa, nalo linatupa vivuli pale pale vitakapoanguka kweli. Akaweka saa tisa alasiri. Kivuli cha ukingo wa paa kikatua ukutani, kimenyooka vizuri, na chini yake, kwenye ukuta mweupe, vikaning'inia vivuli viwili vyembamba vyenye nyayo.

Alibofya juu ya ukingo kutafuta kitu kinachotupa kivuli hicho. Hapakuwa na kitu. Akaficha mfereji, akaficha bati, akaficha kenchi zote zinazobeba bati, mpaka ukabaki ukuta mmoja umesimama peke yake katikati ya kioo. Miguu ilikuwa bado inaning'inia. Kisha mmoja ukasogea mbele na kurudi nyuma, taratibu, kama wa mtu anayesubiri na hana haraka.

Akazima kompyuta. Akaenda kuosha kikombe ambacho chai yake hakuwa ameionja.

Na hapa lazima lisemwe jambo moja, maana yeye mwenyewe alilikumbuka akiwa pale kwenye sinki. Ile kona hakuichora yeye. Pale nyuma kulikuwa na mapaa mawili yanayokutana kwa vimo tofauti, kazi ya kukera, na mafundi walikuwa wanangoja ramani. Akapekua mafaili ya zamani ya ofisi, akakuta nyumba iliyochorwa na mzee mmoja ambaye siku hizo alikuwa amestaafu, wenyewe walimwita Mzee Penseli, na nyumba hiyo ilikuwa na kona ya namna ile ile, imemalizwa kwa ustadi wa ajabu. Akainakili, akaibandika kwa mama. Wachoraji wote hufanya hivyo, asikudanganye mtu. Aliona kwamba ukingo umetokeza nje kwa urefu wa mkono zaidi ya pengine, na chini haukufunikwa, na ubao mmoja umelazwa kati ya kenchi mbili bila kubeba chochote. Akajiambia mzee ana sababu zake. Fundi naye akajenga kama ilivyochorwa.

Alasiri hiyo akaomba ruhusa, akaenda kwa mama.

Alimkuta kitandani, amekonda mashavu, lakini uso wake umetulia. Chumba kilikuwa na harufu ya bati la moto lililonyeshewa, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Bi Kipimo akaketi ukingoni mwa kitanda, akauliza habari za magoti, habari za kula, na kabla hajajibiwa akasikia: du, du. Halafu kimya. Halafu du, du, nyuma ya kichwa cha mama, juu kidogo ya dirisha, polepole, kisigino kimoja baada ya kingine.

"Usiogope," mama akanong'ona. "Anatikisa miguu tu. Hana neno."

"Nani, mama?"

"Mwenye pale. Amekaa peke yake siku nyingi, mwanangu. Anasema ubao unatosha watu wawili."

Bi Kipimo alitoka nje mbio, akazunguka nyumba. Ukingoni hapakuwa na mtu. Lakini ngazi ya mafundi, ambayo ilikuwa imelazwa stoo upande wa pili, ilikuwa imesimamishwa kwenye kona, na ukutani, chini ya ukingo, rangi ilikuwa imechubuka mahali pawili. Alipotazama vizuri akaona si pawili. Ni panne. Akarudi ndani, akafunua shuka miguuni kwa mama yake, yule mama ambaye hata kizingiti alikivuka kwa kushikwa mkono, na visigino vyake vilikuwa vimevimba na kuchanika, na ndani ya michubuko mlikuwa na unga wa rangi nyeupe ya ukuta. Akalia hapo hapo, bila kuficha. Mama akampapasa kichwa na kumwambia asilie, huko juu kuna upepo mzuri.

Kesho yake akamleta fundi aung'oe ule ubao na kuziba kona. Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi, alipanda huku anapiga soga, akafika juu, akanyamaza. Alishuka akitazama ngazi tu, akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja. Akasema hawezi kung'oa ubao wakati mtu ameukalia, akaondoka hata bila kuaga. Na ofisini, Bi Kipimo alipofungua faili na kuwasha jua, miguu ilikuwa minne. Miwili ile ya jana, mirefu, myembamba. Na miwili mingine mifupi kando yake, wa kushoto una goti lililovimba ambalo yeye alikuwa akilikanda kwa mikono yake tangu akiwa binti.

Ndipo akamtafuta Mzee Penseli.

Mzee alikuwa akiishi kwa mwanawe wa kiume, kwenye chumba cha uani, mikono inatetemeka kiasi kwamba kikombe alikishika kwa yote miwili. Alipoelezwa kona yenyewe, alikiweka kikombe chini, akafunga mlango. Akasimulia kwa sauti ya chini. Kwenye kiwanja cha ile nyumba ya zamani kulikuwa na jini tangu kabla ya kiwanja kupimwa. Mganga aliyeitwa na mwenye nyumba alisema hatoki, ila akipewa pa kukaa nje, hataingia ndani. Ndiyo maana akachorewa kiti. Akakaa miaka mingi bila kumgusa mtu, mpaka nyumba ikauzwa, na mnunuzi akaona ule ubao hauna kazi, akaung'oa.

"Akashuka ndani," mzee akasema. "Wakamzika mke wa mnunuzi mwezi huo huo."

Bi Kipimo akamuuliza, tangu hapo yuko wapi?

"Alikuwa hana kwao. Wewe umemchorea."

Aliyasema hayo bila kumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma Bi Kipimo zaidi. Akamuuliza mama yake atatokaje. Mzee akafikiri sana. Akasema jini wa namna hiyo hafukuzwi, ila mganga aliwahi kumdokeza kwamba akiona pazuri zaidi, atahama mwenyewe. Lakini pasiwe kwa mtu. Na pakishachorwa pasifutwe kamwe, kwa kuwa siku pakifutwa atarudi kwa yule aliyemzoea mwisho, na safari hiyo hatabisha hodi ukutani.

Bi Kipimo alitembea mpaka kituoni akiwaza ni wapi duniani palipo na paa ambalo si la mtu. Alikuwa ameshapanda gari ndipo wazo likamjia, na lilikuwa wazo la mchoraji mtupu. Kama jini anaonekana kwenye kompyuta, basi huko pia anafika. Na huko mtu anaweza kusimamisha nyumba ambayo haitajengwa kamwe.

Siku iliyofuata aliketi saa mbili asubuhi, hakuinuka hata kula. Alichora nyumba isiyo na kiwanja wala mwenyewe. Alianza na ukingo kabla ya kuta, kinyume na desturi yake, akautokeza nje upana wa hatua nzima ili pawe na kivuli cha kutosha, akaunyoosha kuzunguka nyumba yote, akaunganisha kona zake zote nne kwa uangalifu ambao hakuna mteja aliyewahi kuulipia, na chini ya bati, kati ya kila kenchi na kenchi, akalaza ubao laini, mpana, wa kukalia, akipima na kupima tena, na harufu ya bati lililonyeshewa ilikuwa imeanza kujaa chumba kizima, ikitoka, kadiri alivyoweza kujua, kwenye matundu ya nyuma ya kompyuta, huku wenzake wakiuliza nani kafungua dirisha na nje jua linawaka. Nyumba yenyewe ikatoka nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Alipomaliza akanong'ona kwenye kioo, akijisikia mjinga na huku machozi yanamlenga, "Karibu. Huku ni kwako. Muache mama yangu."

Akawasha jua. Hakuna kitu. Akangoja. Saa tisa kasoro, simu ya mezani ikalia mara moja na kukatika, na chini ya ukingo mpya ikateremka miguu miwili mirefu, ikajinyoosha, ikatulia. Akafungua haraka faili ya mama. Ukuta ulikuwa mweupe, safi.

Jioni mama alipiga simu mwenyewe. Alikuwa na njaa, na alikuwa mkali, alitaka kujua ni nani aliyemuumiza visigino. Bi Kipimo alicheka na kulia kwa pamoja. Wiki hiyo mama alinenepa mashavu, ule ubao ukang'olewa na fundi mwingine bila tatizo lolote, kona ikazibwa, ikapakwa rangi. Bi Kipimo akaanza kulala vizuri.

Halafu akapewa likizo, siku kumi, na akaenda kuzimaliza kwa mama, wakipanda maua mbele ya nyumba.

Aliporudi, bosi alimpokea mlangoni, mkono ameunyoosha, furaha imemjaa. Akamshika bega, akamwambia amemficha kitu kikubwa. Ile nyumba aliyoiacha kwenye kompyuta bila jina, ile yenye ukingo wa ajabu, yeye bosi aliikuta, akamwonyesha mwenye mradi wa nyumba za familia, na huyo mtu hakuuliza maswali mawili. Ameichukua. Zitajengwa sitini, kwa safu, na misingi ya safu ya kwanza imeshachimbwa. Familia zimeshachaguliwa. Wengine wameanza kwenda kuangalia vyumba vya watoto vitakuwa upande gani.

"Imebaki sahihi yako tu, Bi Kipimo. Ipitie, kama kuna cha kurekebisha niambie sasa hivi. Wanangoja."

Akaketi. Bosi alisimama nyuma yake, anapumua kwa furaha. Kwenye kioo nyumba sitini zilikuwa zimepangwa, mtaa mzima, na barabara katikati, na vimti vya mapambo. Akaweka saa tisa alasiri, akawasha jua.

Miguu ilikuwa kwenye kila nyumba. Jozi moja moja, mirefu, inatikisika kwa pamoja, mtaa mzima kwa mwendo mmoja, na kwenye kila ukingo yule aliyekaa alikuwa amejisogeza kando kidogo, akaacha nafasi.

Bosi akasema ni uzuri ulioje wa vivuli. Hakuona zaidi ya hapo.

Bi Kipimo aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Kilikuwa ni kitufe kimoja tu. Akakumbuka neno la mzee, pasifutwe, akaliona akilini lile goti la mama lililovimba likipanda ngazi. Simu yake ikatetemeka mezani, na kwenye kioo chake kukatokea jina moja, Mama. Akaipokea bila kuondoa macho kwenye mtaa ule. Mama alikuwa anataka kumwambia kwamba leo ametembea hadi dukani na kurudi, peke yake, bila kushikwa mkono, na kwamba nyumba aliyomjengea ni nzuri mno, Mungu ambariki.

"Nimefurahi, mama," akasema, na ni kweli alikuwa amefurahi. Akakata simu.

"Vipi," bosi akauliza, "kuna cha kurekebisha?"

Alikiondoa kidole taratibu. Kwenye kioo miguu yote ilikuwa imeacha kutikisika, inasikiliza.

"Hakuna, bosi," Bi Kipimo akajibu, akavuta karatasi karibu, akatia sahihi kwa majengo yote sitini.