Usiongeze Nafasi

Siku habari ya safari ilipozagaa mtaani ilianza kama siku nyingine yoyote. Mama mkubwa alikuwa mezani anakata suruali ya mteja, mimi nashona vifungo, na kinyozi wa mlango wa pili alikuwa ameingia kuazima mkasi kama kawaida yake.

"Fundi, kweli unaenda jangwani?" aliuliza. "Watu wakipata likizo wanatafuta maji, wewe unatafuta mchanga?"

"Maji hata wewe unayo kwenye ndoo," mama mkubwa akamjibu. "Rudisha kwanza mkasi wa juzi."

Maisha yake yote alishonea watu nguo za safari, yeye mwenyewe hajafika popote. Sasa alikuwa amechagua nchi ambayo hakuna tunayemjua aliyewahi kuikanyaga: jangwa tupu, na katikati yake magofu ya mji wa kale uliochongwa kwenye jabali. Picha ya mji huo aliibandika juu ya cherehani. Yeye ndiye aliyenichukua mama alipofariki na mimi nikaacha shule. Sikuwa na mtu mwingine. Nilitaka aende, afurahi, arudi.

Mipango yote aliifanya kwa simu na mwenyeji wa huko, mwanamume mwenye sauti ndogo iliyokauka. Siku moja mwenyeji huyo akamwomba vipimo, ili amwandalie joho la kujikinga na mchanga. Mtu mwingine angesema, "Mimi mnene kiasi," yakaisha. Lakini fundi ni fundi. Alinipa utepe nimpime, kisha akajirekodi akitaja kila kitu: bega, kifua, kiuno, upana wa mwili mikono ikiwa imeshushwa, utosini hadi kisiginoni.

"Na usiongeze nafasi," akamalizia. "Napenda kitu kinikae sawasawa."

Jibu lilikuwa neno moja tu. *Limekatwa.* Chini yake, picha.

Halikuwa joho. Lilikuwa shimo refu, jembamba, lililochongwa kwenye ukuta wa jabali. Kushoto na kulia kulikuwa na mashimo mengine, ya zamani, yote yamezibwa kwa mawe. Hili lilikuwa jeupe, na unga wa jiwe ulikuwa bado umejaa chini.

"Labda hilo ndilo kabati la joho lenyewe," mama mkubwa akacheka. Mimi pia nikacheka.

Kesho yake cherehani ikakwama. Nikaifungua, nikakuta mchanga. Niliusafisha, nikapaka mafuta. Ukarudi. Ulikuwa mwekundu, na udongo wa kwetu ni mweusi.

Kisha nikampima gauni la safari. Ukimpima mteja kifua, unamwambia avute pumzi, uone utepe unasogea kiasi gani.

"Vuta pumzi, mama mkubwa."

"Nimevuta."

Utepe haukusogea.

"Vuta tena."

"Si navuta, mwanangu?"

Haukusogea.

Nikamwambia asiende. Nilisema kwa sauti ya kawaida tu. Akaitazama mikono yake, kisha akapiga simu na kufungua spika ili nami nisikie.

"Samahani, ndugu yangu. Safari nimeiacha."

Ile sauti ikajibu, chini kabisa: "Soma ukutani kwako, Fundi."

Ukutani kwetu pana kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi, kwa ajili ya wateja wasumbufu: KIKISHAKATWA HAKIRUDISHWI. Mwenyeji yule hatukuwahi kumtumia picha ya chumba chetu.

Mama mkubwa hakusafiri. Hata tiketi hakununua. Kila mchana alikuwa na mazoea ya kujilaza juu ya meza ya kukatia, anyooshe mgongo. Mchana mmoja nilimwacha amelala hapo, nikaenda kununua uzi. Kinyozi alikuwa mlangoni pake muda wote, na ameapa hakuona mtu akitoka.

Niliporudi, mezani palikuwa na mchanga mwekundu. Katikati ya mchanga palikuwa na umbo la mtu aliyelala chali, mikono imebana ubavuni. Nilichukua utepe. Nikapima bega. Upana. Utosini hadi kisiginoni.

Vilikuwa vipimo vyake.

Watu walimtafuta kila mahali. Mimi nilishona. Sikulia. Nguo za wateja zilikuwa zinangoja.

Kisha simu yake ikaingiza picha. Lile shimo jeupe lilikuwa limezibwa. Kando yake, kwenye jiwe, palikuwa na mstari mpya wa patasi, na chini ya picha maneno: *Na yule binti?* Sikujibu. Lakini ikaingia sauti, na haikuwa ya mwenyeji. Ilikuwa ya mama mkubwa, ile sauti yake ya kazini isiyo na haraka.

"Vya mwanangu ni hivi. Bega..."

Alivitaja vyote. Nilisikiliza nimesimama. Nikarudia kusikiliza.

Havikuwa vyangu. Vilikuwa vya sare yangu ya shule, aliyonishonea kabla sijaacha masomo. Tangu wakati huo nimerefuka, mabega yamepanuka, na ni yeye aliyenifumulia magauni yote kuyaongeza. Mama mkubwa hakuwahi kukosea kipimo.

Nikaitoa sare sandukuni. Nikailaza mezani, mikono yake nikaibana ubavuni. Nikatoka kwenda kusimama na kinyozi.

"Mbona umesimama nje, binti?"

"Nasubiri mteja," nikamwambia.

Niliporudi ndani sare haikuwapo. Palikuwa na mchanga, na umbo dogo lenye mabega membamba. Pale penye kifua, paliwekwa kile kikofia cha chuma ambacho mama mkubwa alikivaa kidoleni akishona kwa mkono.

Cherehani haijakwama tena. Kikofia ninacho. Nilipokigonga mezani, mchanga wa ndani ulitoka mzima, umeganda, wenye umbo la ncha ya kidole. Una alama ya kucha. Nikiushika, una joto.